Nilivyoifungua Kamba Kompyuta ya Trizah

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nina miaka sabini na sita. Nimeishi kupita mti wa geti la mpakani Malaba, ule mwekundu na mweupe, ambao niliuinua na kuushusha kwa mkono huu miaka thelathini na moja. Nimeishi kupita maafisa wa forodha kumi na wanne. Wote walinifokea, na wote sasa wamezikwa au wana sukari. Nimeishi kupita mvua ya El Nino, nzige, daktari aliyenipa miezi sita, na meno yangu yote isipokuwa manne. Manne yanatosha. Shule nilifika darasa la tatu. Darasa la tatu la zamani! Siku hizi hiyo ni digrii.

Naandika kwa sababu jambo kubwa limeanza leo, na watu wa Malaba wakisimulia jambo huliharibu.

Binti yangu Trizah anataka kiti. Kiti kiko katika ofisi ya Willis, wakala wa forodha, karibu na mahali malori yanapolala. Kiko dirishani, kina mgongo wa kuegemea, na anayekikalia ana kazi ya kudumu. Miaka sita Trizah amechapa fomu za mizigo kwa kibarua. Leo anaitwa, kesho haitwi. Sasa Willis amesema: Ijumaa saa nne asubuhi waje watu wawili, kila mtu na mashine yake. Fomu kumi. Atakayezimaliza vizuri ndiye atakayekaa.

Huyo mwingine ni Quinton, mtoto wa dada ya mke wa Willis. Ana laptop nyembamba kama chapati ya mgonjwa. Trizah ana mashine ya mezani ambayo ofisi fulani iliitupa. Ukiiwasha unaweza kwenda kukama ng'ombe, urudi, uikute bado inafikiria.

Robinson, fundi wa kompyuta wa hapa sokoni, alikuja akaifungua tumbo. Akachungulia. Akasema, mzee, hii kitu inataka RAM ingine, kumbukumbu yake ni kidogo na imezeeka. Nikamwambia, kijana, hakuna ng'ombe mvivu, kuna ng'ombe aliyefungwa kamba fupi. Hiyo kamba nitaifungua mimi. Robinson akacheka mpaka bisibisi ikamwanguka. Mke wangu Benedetta akasema, Bwana asifiwe, tumekwisha.

Jioni wote walikwenda sala ya jumuiya. Nikabaki na mashine. Robinson alikuwa ameteleza ulimi akasema kwamba ukibonyeza Delete wakati inaamka, unaingia jikoni kwa mashine, na nisithubutu. Asingesema nisithubutu, ningelala. Nikabonyeza. Nikabonyeza kama mtu anayebisha mlango wa choo.

Ikaja buluu. Buluu tupu! Si buluu ya sare ya shule. Ni ile ya Mlima Elgon kabla ya mvua, unayoiona kutoka Moding ukisimama juu ya kichuguu. Maandishi ya kijivu yamejipanga kama malori yaliyolala. Nje mvua ya kwanza ya Machi ikaanza kugusa mabati, tone moja, halafu lingine. Nikaona neno CHIPSET. Herufi saba. Nikalinakili kwenye kiganja. Chini yake kulikuwa na namba, nazo nikazinakili. Sikugusa kitu. Nilitembea tu kwa vile vishale, chini, juu, kama mtu anayepita katika mji ambao watu wote wamelala, na kila nyumba anaijua.

Benedetta aliporudi akauliza mbona uji umeungua. Uji gani?

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeelewa kumbukumbu ya kompyuta. Watu wengi hufa bila kuielewa.

Nilimfuata Robinson kwenye kibanda chake nikamfungulia kiganja. CHIPSET, na chini yake 5-5-5-15. Akashika kichwa. Akasema, mzee, si nilikwambia usiguse! Nikamjibu kwamba nilitazama, na kutazama si kugusa, hata padri anajua. Ili niondoke mbele ya wateja wake akanieleza. Akili ya mashine ikitaka kitu kutoka kwenye kumbukumbu, inaita. Halafu inasubiri. Ile tano ya kwanza ni hesabu ya kusubiri. Inahesabu moja, mbili, mpaka tano, ndipo mzigo unatoka.

Nilibaki mdomo wazi. Geti! Hilo ni geti!

Miaka thelathini na moja nilikuwa nafanya nini? Lori linafika. Karani anagonga muhuri, anapunga mkono. Mimi nahesabu tano, nainua mti. Sheria ilisema tano na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi niliuliza. Mwaka wa pili nikaanza kuhesabu nne. Foleni ikayeyuka! Hakuna aliyenishukuru. Baadaye nikahesabu tatu. Ile ajali ya lori la ndizi haihusiani na jambo hili. Ule mti ulikuwa umeoza.

Robinson akasema, mzee, hizo namba zimewekwa na watu waliosoma. Nikamwambia hata ile tano ya geti iliwekwa na watu waliosoma.

Mchana Trizah aliniachia simu yake. Nikatazama humo video ya mtu mmoja mwenye sauti laini akizunguka katika jikoni kama lile. Anaongea Kiingereza cha mbali sana. Nilishika namba tu, na vidole vyake. Vidole havina lugha.

Nikaingia kwenye buluu. Penye CHIPSET pameandikwa AUTO. Nikabonyeza, ikatokea MANUAL. Manual! Nani aliyeishi na malori asijue manual? Ni gia ya mkono. Kumbe mashine ya watu waliosoma hivyo, mwishowe inataka mkono. Nikashusha tano nikaweka nne. Nikabonyeza F10, halafu Y, kama yule wa sauti laini. Mashine ikazima. Kimya. Nikafika nusu ya Salamu Maria. Ikawaka!

Trizah alirudi akachapa kidogo. Akasema, papa, ni kama imeamka kidogo. Hilo neno kidogo nimelifuta katika ushahidi.

Jioni tulikaa kwenye chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, wazee saba na mirija saba. Nikawaeleza jinsi nilivyopunguza hesabu ya geti ndani ya kompyuta. Mmoja akatoa mrija mdomoni akauliza kama naweza kumpunguzia na mke wake, anasubiri sana kabla ya kuleta chakula. Walicheka. Waache wacheke. Quinton akapita barabarani na laptop yake kwapani. Nikamwita. Nikamwambia, kijana, Ijumaa uje na leso, utalia mbele ya watu. Akasema, sawa boss, akaenda zake.

Boss! Ameshaogopa.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri alinipaka kwenye paji, akaniambia nikumbuke kwamba mimi ni mavumbi. Nilikuwa nafikiria tatu.

Kwaya iliimba polepole. Jua likaingia kwa dirisha la juu, likalala juu ya mabenchi, na kila benchi nikaliona ni mstari wa malori. Kila mtu amebeba mzigo wake, anangoja kuitwa. Vumbi lilikuwa likielea kwenye ule mwanga bila haraka. Nikasema moyoni, hata vumbi hili linasubiri hesabu ya mtu. Kama nne imeleta kuamka kidogo, tatu italeta kuamka kabisa. Hata Mungu ni watatu. Benedetta akanifinya. Kumbe wengine wote walikuwa wamepiga magoti.

Nilirudi nyumbani na majivu yangu na sikunywa hata chai. Buluu. CHIPSET. Tatu. F10. Y.

Ikazima. Nikasali Salamu Maria nzima. Nikasali na ya pili. Skrini nyeusi kama sufuria. Kisha kutoka tumboni mwake: pii, pii, pii. Inapumzika. Pii, pii, pii. Kama lori linalorudi nyuma. Lakini hakuna mahali lilipokuwa linarudi.

Nikabonyeza Delete. Nikabonyeza vitufe vyote, hata vile ambavyo havina herufi. Nikaichomoa, nikaichomeka. Nikaipiga kofi dogo la mzazi. Pii, pii, pii.

Trizah alipofika nilikuwa nimekaa mbele yake nimejitanda koti. Akauliza, papa, mashine iko sawa? Nikasema imefunga. Leo ni Jumatano ya Majivu, hata yeye amefunga, itakula kesho.

Hakucheka. Trizah hucheka kwa kila kitu, hata kwenye matanga. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akatazama mikono yake. Akasema, papa, imebaki siku moja. Hivyo tu. Afadhali angefoka. Maafisa kumi na wanne walinifokea na sikuumia hata siku moja.

Benedetta ndiye aliyesema ya wote wawili. Akasema ule mti uliomwangukia mtu wa ndizi sasa umemwangukia mtoto wangu. Akasema nimwite Robinson saa hii, kabla uji haujapoa. Nimwite Robinson? Aje acheke mpaka bisibisi zote zimwanguke? Nikasema nina mpango.

Sina mpango.

Alhamisi, 6 Machi

Nina mpango! Nitaipeleka Busia, kwa fundi asiyenijua.

Asubuhi Trizah alitoka kwenda kuomba mashine ya kufanyia mazoezi mahali fulani, hakusema wapi. Nikaifunga kompyuta kwa blanketi la Benedetta, nikapanda boda boda, nimeipakata kama mgonjwa. Dereva akauliza, mzee, hiyo ni nini unakumbatia hivyo? Nikasema ni siri ya serikali. Akaendesha kwa heshima mpaka Alupe. Halafu akasema siri ya serikali ina waya unaburuta chini.

Mashamba yalikuwa yamelimwa, meusi, yanangoja mbegu. Watu wamesimama kwenye mistari na majembe. Nililala kidogo kwenye pikipiki. Niliota mashine inapumua chini ya blanketi.

Busia ni kelele. Wabadilisha pesa wanapunga mabunda, boda wanavuka kwenda upande ule na kurudi kama siafu. Kwenye kichochoro nyuma yao nikapata duka la mama mmoja anaitwa Quinter. Mtoto yuko mgongoni, karanga ziko mdomoni, bisibisi iko kwenye nywele. Nikauliza fundi yuko wapi. Akasema, unamwona mzee wangu, ama macho yako nayo yanataka kutengenezwa?

Nikampa maelezo. Geti, tano, nne, tatu. Alisikiliza akitafuna. Akasema, kwa hivyo ulifika tatu. Nikasema ndiyo. Akasema, na nani alikuuliza? Mtoto wa mgongoni akanitazama vibaya pia.

Akaifungua. Ndani kuna betri ya duara, ndogo kama kifungo cha koti. Hiyo ndiyo inayoshika maagizo yote umeme ukipotea. Akaing'oa kwa kucha. Kwa kucha! Akaiweka mezani, akaniambia, mzee wangu, hesabu polepole mpaka mia moja.

Mimi ni bingwa wa kuhesabu. Nikamaliza. Akasema, umeruka kutoka ishirini mpaka sitini, nimekusikia. Anza tena. Nikaanza tena. Moja. Mbili. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuhesabu mpaka mwisho. Kulikuwa na kitu ndani ya hizo namba. Kati ya sitini na sabini nilisikia mvua ikija kutoka upande wa ziwa. Kati ya themanini na tisini mtoto wake akasinzia. Nilipofika mia sikutaka kuacha.

Akarudisha betri. Akawasha. Mlio mmoja tu, mfupi, kama kifaranga. Ikawaka!

Karibu nilie. Halafu Quinter akasema maneno mabaya. Akasema mashine imesahau kila nilichoiambia. Imerudi kama ilivyotoka kiwandani, tano, AUTO. Nikauliza, hata nne? Akasema, hata nne. Hekima yote ile! Imetoka kwa ukucha mmoja! Akaniambia, hizo namba ziache, baba. RAM ya zamani ni kama wewe, ikitembea inafika, ukiikimbiza inaanguka njiani na mzigo wa watu. Nikamwambia mimi sijawahi kuanguka njiani. Akasema, nasikia.

Nilifika nyumbani kabla ya Trizah. Nikaiwasha nikaiacha ikiwaka mezani. Alipoingia akaiona, akaweka mkono juu yake kama anapima homa. Akasema, papa, umeitengeneza! Nikasema, wewe ulifikiri nini? Akacheka. Hatimaye. Nikasikia nyumba nzima imekaa sawa.

Hatamjua Quinter. Busia ni mbali.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yenyewe.

Niliamka jogoo wa kwanza akiwa bado anasafisha koo. Nilikuwa nimewaza hivi: Quinter ameiponya, sawa. Lakini aliyepona si mwenye nguvu. Binti yangu anakwenda vitani leo na tano! Tano ya watu waliosoma! Na nne ilikuwa imekubali, mashahidi wapo.

Nikaingia kwenye buluu. Ilinipokea kama mgeni aliyesahau kofia. Nikarudisha nne. Halafu macho yangu yakaona namba nyingine pale juu, 667. Nikabonyeza, ikapanda ikawa 800. Kubwa kuliko 667, hilo halihitaji shule. F10. Y. Ikawaka bila mlio. Nilikaa nikaitazama mpaka dirisha likawa jeupe.

Nikaizima, nikaifunga kwa blanketi, nikaiweka mlangoni tayari kwa safari. Mimi ndiye nitakayeibeba mpaka kwa Willis. Nikajinyoosha kidogo kwenye kiti kungoja.

Niliota nimesimama getini. Hapakuwa na mti. Malori yalipita bila sauti, magurudumu hayagusi chini, mamia, yamebeba ukungu. Kila dereva alinipungia mkono, na kila dereva alikuwa Trizah. Trizah wa miaka mitano, Trizah wa sare ya shule, Trizah wa leo na kitambaa chake cha kichwa. Nami sikuhesabu. Nilisimama tu. Mkono wangu ulikuwa mwepesi sana.

Nikaamka saa tano! Nyumba tupu. Mlangoni hakuna blanketi. Amekwenda nayo peke yake!

Nilitoka na kiatu kimoja kimefungwa. Nikamkuta barabarani, anarudi, mikono mitupu, anatembea kama mtu anayesikiliza muziki. Akaniona akakimbia. Akasema, papa, nimepata kiti!

Nilikaa kwenye jiwe. Akanisimulia. Quinton alimaliza wa kwanza, akafunga laptop kwa kishindo. Willis akasoma fomu zake. Kwenye fomu ya saba lori la simiti limeandikwa mayai. Willis akauliza, kijana, kuku gani anataga tani ishirini na nane? Ofisi nzima ikaanguka kicheko. Za Trizah zote kumi zilikuwa safi. Anaanza Jumatatu.

Nikamuuliza, na mashine ilikwendaje? Akatazama pembeni, kule malori yanakopinda. Akasema, papa, mashine ilikwenda vizuri sana. Sijawahi kuona mashine inakwenda vile.

800!

Ijumaa ya Kwaresma hatuli nyama. Ajon si nyama. Nilisimama kwenye chungu nikasimulia mara nne, na kila mara mashine iliongezeka kasi kidogo. Robinson alipita. Nikampigia kelele, fundi, njoo ujifunze! Akatabasamu tu, akasema, hongera mzee, hongera sana. Adabu imemwingia.

Jumamosi, 8 Machi

Benedetta alinituma kuni jikoni. Nyuma ya kuni kuna blanketi. Ndani ya blanketi kuna mashine.

Nikasimama nayo hapo. Kuku akanitazama.

Nikamuuliza Benedetta mashine imerudi lini. Akasema haikurudi kwa sababu haikwenda. Alikuwa anachambua dengu, hakuinua uso. Akasema jana alfajiri Trizah aliamka akaona ile buluu ukutani. Alisimama mlangoni akanitazama nikibonyeza. Alisimama sana. Halafu akarudi kitandani akasubiri nilale. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Robinson, naye Robinson akampa laptop yake mwenyewe, ile ya kazi. Kumbe hata Alhamisi ndiko alikokwenda kufanya mazoezi. Benedetta ndiye aliyeficha blanketi ili nisimfuate Trizah mbio na mashine.

Nikasema, mbona hakuniambia? Nikasema, mimi ni baba yake!

Benedetta akaacha dengu. Akasema, baba Trizah, ulikuwa umelala unatabasamu. Mtoto alisema usiamshwe.

Nilikaa juu ya kuni. Nilikaa mpaka moshi ukaniuma macho. Ni moshi.

Baadaye nikaichomeka, nione tu. Ikawaka. Ikatoa picha ya Trizah ile ya ubatizo. Nikasema, unaona? Kisha ile picha ikasimama. Halafu ikaja buluu nyingine, si ile ninayoijua, imejaa Kiingereza cheupe, na chini yake kimya. Nikawasha tena. Ilifika picha, ikasimama, ikageuka buluu. Mara tano.

Benedetta alikuwa nyuma yangu. Akasema, na hivyo ndivyo ingemfanyia mbele ya Willis, fomu ya pili. Akaenda zake.

Jioni Trizah alinipikia samaki. Aliniongezea kichwa cha samaki, sehemu ninayoipenda. Nikala.

Jumapili, 9 Machi

Nimefikiri misa nzima. Padri alihubiri kuhusu jangwa na majaribu, nami nilikuwa jangwani naye.

Nimeona ukweli. Benedetta hakuuona kwa sababu hakusimama getini miaka thelathini na moja. Mashine ilisimama kwa nini jana? Imenuna. Umeandaliwa kwa vita wiki nzima, umepewa 800, halafu unafichwa nyuma ya kuni na kuku. Nani asingenuna? Hata mimi nilinuna.

Na sasa jambo lenyewe. Quinton aliandika simiti kuwa mayai. Kwa nini? Alikuwa na haraka. Kwa nini alikuwa na haraka? Kwa sababu tangu Jumanne Malaba yote ilikuwa inasema mashine ya mzee Ojakol, ndiye mimi, imefunguliwa kamba. Kijana alikimbia akikimbizwa na mashine ambayo haikuwepo! Haikuwepo, na bado ikashinda. Je, ingekuwepo?

Nimemweleza Trizah haya kwenye chai. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye gauni la kanisa. Akasema, ni kweli papa, ni kweli kabisa. Mtoto mwenye akili. Ameitoa kwangu.

Nje kumenyesha tena, kwa upole. Upande wa Elgon kuna ile rangi. Nimeingia jikoni kwa mashine, nimetembea kwenye mji wangu uliolala. Kosa lilikuwa moja, nalo nimeliona: niliipa 800 lakini nikaiachia nne. Huwezi kumpa mtu miguu mirefu na mlango mfupi. Nimeweka tatu. Nikishaona ya tatu, kuna mbili.

Pii, pii, pii. Inajibu. Leo mlio wake ni mtamu zaidi.

Kesho nitamsindikiza Trizah kazini, niwasalimie. Willis ana mashine nne pale, zote zimefungwa tano.

Anayebisha haya amwulize Quinter wa Busia, atamwambia nilihesabu mpaka mia bila kuruka. Amwulize Willis, aliyesoma fomu kumi safi. Amwulize Benedetta, lakini asubuhi, kabla hajakasirika. Robinson asiulizwe. Na Trizah mwenyewe yupo, dirishani, kwenye kiti chenye mgongo. Yeye atasema kweli, ijapokuwa ataanza kwa kucheka.